Njia ya Ng'ombe Iliyopindwa

Jumatatu, Machi 4

Kichwa kinanigonga. Tumekaa ndani ya darasa la sita la shule ya Kasaye tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi, watu kumi na wawili wa vijiji viwili, na dirisha linalofunguka ni moja tu. Mimi ni katibu wa kamati ya Pap, kwa hiyo kuna daftari la kumbukumbu za mkutano, na humo nimeandika kwa adabu. Daftari hili jingine ni langu mwenyewe. Humu adabu sina.

Naswa amenitukana tena. Yeye ni mjumbe wa Korodi, kijiji kilicho chini yetu, ukingoni mwa ziwa. Aliolewa huko kutoka Busia zaidi ya miaka ishirini iliyopita na bado anaongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Amesema mbele ya watu wote, "Huyu Daktari anatibu ng'ombe wa Kasaye kwanza. Sisi wa Korodi anakuja kutuzikia." Mimi si daktari, nina cheti cha afya ya mifugo na mkoba wa sindano, lakini ndivyo wanavyoniita. Na juzi tu nilizama kwenye tope mpaka gambuti moja likabaki chini, nikienda kumdunga sindano ndama wa Ooko huko huko Korodi. Ndama yuko hai. Naswa anajua.

Griffins, afisa wa mipango aliyetumwa na kaunti, alimtaka kila mjumbe aseme Pap ni nini kwake. Wengine walihubiri. Mimi nilisema: ni uwanda wa nyasi kati ya vijiji vyetu, hauna mwenyewe mmoja, ng'ombe wa Kasaye na wa Korodi hulishwa hapo, na mto ukifurika uwanda wote ni maji. Kila masika tunapigana. Korodi wanataka kupandisha ng'ombe wao kwetu, na sisi tunasema wanakanyaga mahindi.

Saa kumi tukapatana. Pap itagawanywa sehemu tatu, na kila msimu sehemu moja ipumzike. Mafunjo ya ukingoni yaachiwe akina mama wanaosuka mikeka. Na kubwa kuliko yote: iwepo njia ya ng'ombe, upana hatua thelathini, itoke Pap, ipite kando ya josho la zamani la kuogeshea ng'ombe, ipande moja kwa moja hadi kilima cha mawe. Asilime mtu, asijenge mtu, asizungushie ua mtu. Siku ya maji, ng'ombe wa Korodi wapite hapo bila kuomba ruhusa.

Bila Mzee Dalmas Okello, mwenyekiti wetu, tungeshikana mashati. Alingoja wote tuchoke kupiga kelele, ndipo akazungumza kwa sauti ya chini hadi hata Naswa akalazimika kunyamaza ili asikie. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipofariki na watu wakaanza kunipangia pa kwenda, Dalmas alisema neno moja, "Perez yuko nyumbani kwake," na mjadala ukaisha.

Jumanne, Machi 5

Jua kali. Nimepulizia dawa ya kupe ng'ombe kumi na wanne. Mgongo.

Jumamosi, Machi 9

Tumeitembea njia yenyewe. Griffins alikuwa na kifaa chake cha kupimia, Naswa akahesabu hatua kwa sauti kana kwamba kifaa kitamdanganya. Mzee Dalmas alitangulia na bakora yake. Tulipofika kwenye josho alisimama akatuonyesha mahali ambapo mwaka ule ziwa lilipopanda alikuta ndama amenasa kwenye uma wa mti, amekufa. "Hapa," akasema, "mtu hatapanda hata sukuma wiki." Ooko wa Korodi, ambaye amechunga ng'ombe tangu akiwa na meno ya utotoni na sasa ana mvi, alimshika mkono akakaa nao muda mrefu.

Nilimwangalia shemeji yangu nikajivunia.

Ijumaa, Machi 15

Mzee Dalmas alipita jioni na mpango wenyewe, umepigwa chapa, na ramani ya rangi nyuma yake. Amesema Griffins ana vijiji vingine saba, kwa hiyo yeye ameichoresha safi kwa fundi wa ramani mjini ili tusicheleweshwe. Nilikuwa nachemsha sindano. Nikafuta mikono, nikasaini palipoandikwa Katibu. Akanywa chai, akaniachia nakala. Karatasi nzuri, nzito.

Alhamisi, Machi 21

Ooko amekuja mbio, mzee wa miaka sitini na kitu, anahema. "Daktari, njoo uone. Wamefunga njia."

Nikaenda. Kuanzia kwenye josho hadi karibu na mfereji kuna nguzo mpya za mkaratusi na seng'enge nyuzi nne, imekazwa mpaka ukiigusa inalia. Imekata njia yetu katikati. Ndani, trekta limeshalima. Vijana waliokuwa wanapigilia misumari walisema wameajiriwa na Wanjohi, yule mwenye duka la chakula cha mifugo pale Nyamasaria. Anataka kupanda nyasi za kukata na kuuza.

Kwa hasira nimeshindwa kula.

Ijumaa, Machi 22

Nilikwenda Nyamasaria asubuhi. Wanjohi alikuwa anapanga magunia ya pumba. Tumejuana miaka, dawa zangu nyingi nanunua kwake, na mkewe Wahu huniulizia watoto. Sikuwasalimu.

"Nani amekupa Pap?" nikamwuliza.

"Mama Perez, kwanza keti."

"Siketi. Nani amekupa?"

"Mimi nimekodi. Miaka mitano. Niko na karatasi, na hapo si pa kila mtu, ni shamba la mtu. Muulize mwenyekiti wenu."

Nilimwambia yeye ni mwongo. Nikamwambia na mengine, juu ya huko alikotoka na watu wa kwao, na wateja wote walisikia. Sitayaandika. Wahu aliacha kufunga fundo la gunia akaniangalia tu.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Dalmas. Alisikiliza akitikisa kichwa. "Hawa watu wa maduka," akasema, "ukimwonyesha mtu nyasi anaona noti. Niachie mimi. Lakini Perez, usiwaambie Korodi kwamba tumezungumza. Naswa atawasha moto na mpango wetu wote utaungua. Nipe wiki mbili."

Nimempa wiki mbili.

Alhamisi, Machi 28

Mvua ya kwanza ya maana. Mabati yamepiga kelele mchana kutwa.

Jumatano, Aprili 3

Naswa alinikuta kwa muuza samaki. "Katibu, seng'enge iko palepale."

Nikamwambia mwenyekiti analishughulikia.

"Anashughulikia na nini? Na maombi?"

Nikamwambia aheshimu wazee. Akacheka, akachukua samaki wake akaenda. Nilichukia kile kicheko siku nzima.

Jumatatu, Aprili 8

Wiki mbili zimepita. Mzee Dalmas anasema Wanjohi amesafiri. Mvua.

Jumanne, Aprili 9

Mvua.

Alhamisi, Aprili 11

Mvua. Sehemu ya chini ya Pap imeanza kung'aa maji katikati ya nyasi. Nimetibu ng'ombe wanne wa kuoza kwato. Nilipomwambia Mzee Dalmas kwamba nimemwona Wanjohi kwa macho yangu dukani, si mtu wa safari, alikasirika. Ni mara ya kwanza kunipandishia sauti. "Wewe unanifuatafuata kama askari?" Nikaomba msamaha. Mimi ndiye niliyeomba msamaha.

Jumapili, Aprili 14

Baada ya kanisa niliambiwa watu wa Korodi wako kwenye seng'enge. Nikakimbia na nguo za kanisani. Walikuwa kama ishirini, Naswa mbele ameshika koleo kubwa la kukatia waya. Ooko alikuwa pembeni na fimbo yake, uso umemjaa wasiwasi.

Nilisimama kati yao na ile seng'enge. Mgongo wangu uligusa miiba.

"Toka, Daktari," Naswa akasema.

"Mkikata, mtashtakiwa kwa kuharibu mali. Mpango umesainiwa. Ngojeni ufuate njia yake."

"Maji yatangoja?"

"Mwenyekiti amesema wiki hii."

"Mwenyekiti wako amesema wiki hii tangu mwezi wa tatu. Wewe ni mtu umesoma. Hauoni?"

"Mimi ninamwamini," nikasema. "Na nikimwamini mimi, niaminini."

Ooko ndiye aliyewarudisha. Alisema, "Huyu aliokoa ndama wangu. Tumpe siku chache." Wakatawanyika. Naswa aliviringisha koleo lake ndani ya leso kama mtoto mchanga, akaondoka bila kuniaga.

Nilirudi nyumbani nikijiona mpatanishi mkubwa.

Jumatano, Aprili 17

Mvua. Bado.

Jumatano, Aprili 24

Ninaandika ya jana. Mikono imevimba, kwa hiyo mwandiko ni huu.

Jana hapakunyesha kwetu hata tone. Kulikuwa na jua, na ndiyo sababu Korodi walitoa ng'ombe wao mapema hadi katikati ya Pap, wanyama waliokuwa wamefungiwa siku tatu na njaa. Lakini huko juu kwenye milima ya Nandi mvua ilikuwa imemwagika, na kiasi cha saa nne asubuhi mto ukavunja kingo. Nilikuwa kwenye boma la jirani namkagua ng'ombe mwenye mimba. Nilisikia sauti kama lori linamwaga kokoto, na haikukoma. Halafu nikasikia watu.

Kutoka kwenye josho unaona Pap yote. Maji yalikuja ya kahawia, hayana haraka, yamebeba majani na vibao na kuku. Ng'ombe wa Korodi waliyaona kabla ya wachungaji. Walifanya kile tulichopanga wafanye: wakapanda. Hakuna aliyewafundisha, walifuata pale ardhi inapoinuka, katika njia ileile tuliyoitembea tukihesabu hatua. Upande wa kulia kuna mfereji, kushoto miwa. Mbele yao, seng'enge.

Wa kwanza walisimama. Wa nyuma hawakusimama.

Sitaeleza yote. Ng'ombe hulia kwa namna ambayo katika miaka kumi na saba ya kazi hii sikuwa nimewahi kuisikia. Wale wa mbele walibanwa kwenye waya wakageuka nyama wakiwa bado wanapumua. Maji yakafika kwenye matumbo, kisha migongoni. Ooko alikuwa kati yao. Angeweza kupita chini ya waya akajiokoa, mtu mwembamba vile. Alikuwa anaikata seng'enge kwa panga, anapiga kwenye nguzo, anaita ng'ombe wake kwa majina. Waya wa juu ulipokatika ulirudi kama mjeledi ukajizungusha kwenye mkono wake wa kushoto, na ng'ombe dume akausukuma kwa kifua.

Mimi nilikuwa na koleo dogo la mkobani, la kushikia sindano. Nililishikilia kwenye ule waya nikakaza kwa nguvu zangu zote, na lilikuwa kama kukata nguzo kwa meno. Nilikuwa napiga kelele, sijui kwa nani.

Naswa akafika kutoka upande wa mfereji, maji kifuani, na koleo lake kubwa. Lile la siku ya Jumapili. Alikata uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja mara moja, tak, tak, tak. Hakuchukua hata dakika mbili. Ng'ombe waliobaki wakapita juu ya waliokufa wakapanda kilimani.

Dakika mbili. Siku tisa kabla nilisimama pale nikaziba hizo dakika mbili kwa mgongo wangu.

Tulimtoa Ooko. Vidole vitatu havipo. Wamempeleka hospitali mjini kwa pikipiki, mkono umefungwa kwa leso ya Naswa. Njia nzima, wanasema, aliuliza kuhusu ng'ombe.

Waliokufa ni thelathini na mmoja. Kati yao watano wa Ooko, na ndama yule.

Nilimngoja Naswa anitukane. Aliosha koleo, akalifuta, akashuka kwao, kwenye nyumba zilizosimama majini.

Mzee Dalmas hakuonekana.

Alhamisi, Aprili 25

Nimeshona, nimedunga, nimeshona. Uzi umeniishia, nimetumia wa kushonea magunia. Korodi wote wamelala kwenye madarasa ya shule yetu. Hakuna mtu wa Kasaye anayelalamika juu ya mahindi.

Jumamosi, Aprili 27

Wanjohi amekuja na pikapu imejaa nyasi kavu za kuwapa ng'ombe waliosalia. Vijana wa Korodi walimzunguka wakiwa na mawe. Naswa aliwazuia, akasema, "Mwacheni ashushe, ng'ombe hawajui kabila." Nilitamani ardhi inimeze.

Alishusha mwenyewe, marobota yote. Halafu akanijia akatoa bahasha.

"Uliniita mwongo mbele ya wateja wangu, mbele ya bibi yangu," akasema. "Sawa. Soma."

Karatasi ya kukodi. Mwenye shamba: Dalmas Okello. Na nyuma yake, kuthibitisha kwamba shamba halimo ndani ya njia ya ng'ombe, imeambatanishwa ramani ya kamati. Ile ya rangi. Katika ramani hiyo njia inatoka Pap, inakwepa josho, inapinda kushoto, inapita kwenye mafunjo, penye kinamasi, mahali ambapo maji huanzia. Chini yake, saini mbili. Ya Mwenyekiti. Ya Katibu.

"Niliona jina lako," Wanjohi akasema. "Nikajiambia, Mama Perez anajua ng'ombe. Kama amesaini, basi ni sawa. Ndiyo nikaweka fensi."

Nilikimbia nyumbani nikaifungua nakala niliyoachiwa. Ilikuwa imekunjwa vilevile tangu siku ile ya chai. Njia imepinda. Hata mtoto angeona. Ilikuwa imelala kabatini kwangu wiki sita, na saini yangu juu yake, naye shemeji yangu alijua sitaifungua. Hicho ndicho kinachonichoma. Alinijua.

Jumatatu, Aprili 29

Nilikwenda tena Nyamasaria kuwaomba radhi Wanjohi na Wahu. Niliomba dukani, saa ile ya wateja wengi, kwa sauti ileile. Wahu alisema, "Tumesikia." Sikumdai zaidi.

Alhamisi, Mei 2

Nilimkuta Mzee Dalmas barazani kwake anasoma gazeti la wiki iliyopita. Nikaiweka ramani juu ya gazeti.

Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu ila hilo.

"Pale josho lilipo," akasema, "palikuwa pa baba yangu. Serikali ilipotaka josho, yeye alitoa. Hakuna aliyemshukuru, hata kibao chenye jina lake hakipo. Josho likafa, ardhi haikurudi. Sasa mnakuja na mpango na mnachukua tena palepale. Kwa nini kila siku ni sisi? Naswa ametoa nini? Ooko ametoa nini?"

"Ooko ametoa vidole vitatu."

Akaisukuma ramani pembeni. "Mafuriko makubwa hayaji kila mwaka, Perez. Nilihesabu kwamba tutakuwa na miaka mitano."

"Tarehe nne Machi ulikuwa mwenyekiti wa mkutano. Ungesema hapo hapo kwamba ni ardhi ya baba yako. Tungekaa, tungepima, tungekupa mahali pengine kwenye Pap. Ndiyo kazi ya ule mkutano!"

"Nisimame mbele ya Naswa niombe ardhi yangu?"

Kumbe ndiyo hayo. Ng'ombe thelathini na mmoja kwa sababu mwanamume mmoja aliona aibu kuomba.

Halafu akashusha sauti, ile sauti ya chini ninayoijua. Akasema nina daftari la kumbukumbu. Akasema mkutano ulikuwa mrefu, watu wamesahau nani alisema nini, na ukurasa mmoja unaweza kuandikwa upya ukaonyesha kwamba kamati ilikubali kupinda njia. Hakuna atakayeshtakiwa. Familia haitaaibika. "Na wewe ulisaini," akasema. "Ukinizamisha, tunazama pamoja. Usisahau nani alikusimamia ulipobaki peke yako."

"Ulinisimamia," nikasema, "ili siku moja unisimamishe mbele ya seng'enge."

Nikachukua ramani. Mkewe alikuwa mlangoni na kikombe changu cha chai. Sikukichukua.

Jumapili, Mei 5

Wameanza kutonisalimu. Kanisani wake za mashemeji walisogea, benchi likabaki mimi na mkoba wangu.

Jumamosi, Mei 11

Baraza la vijiji vyote viwili, kwenye uwanja wa shule, chifu akiwepo na Griffins pia. Griffins alikuwa ameleta ramani yake ya kwanza, ile ya Machi 9, na njia imenyooka kama rula. Aliitundika ukutani kando ya ile ya rangi. Hakuhitaji kueleza.

Nilisoma kumbukumbu za Machi 4, neno kwa neno. Mzee Dalmas alikaa safu ya mbele, kofia magotini. Nilipomaliza, nilifunga daftari nikasema langu. Nilisema nilisaini bila kusoma kwa sababu aliyeleta alikuwa shemeji yangu. Nilisema nilijua habari za seng'enge nikakaa kimya kwa sababu niliambiwa nikae kimya. Nilisema Aprili 14 Korodi walikuja kuikata wakiwa na koleo, na mimi ndiye niliyewazuia.

Watu walinguruma. Mama mmoja wa Korodi, aliyepoteza ng'ombe wote wawili, alinirushia kiatu. Kilinipiga begani. Nilikiokota nikamrudishia, akakipokea, akaketi chini akalia.

Ndipo Naswa akasimama. Nikajiandaa.

"Daktari amejisema mwenyewe," akasema. "Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumwambia, sasa amenimalizia." Wengine wakacheka, si kicheko kizuri. "Lakini huyu amesema jina lake. Nangoja mwingine aseme lake." Akamtazama Mzee Dalmas.

Uwanja mzima ulingoja. Mzee Dalmas alisimama, akavaa kofia yake, akatembea katikati ya watu hadi kwenye lango, akaenda zake. Hakuna aliyemzuia.

Wanjohi alitangaza anarudisha shamba na kung'oa nguzo zote, na kodi yake atamdai aliyeipokea, si sisi. Naswa akachaguliwa mwenyekiti. Mimi nikajiuzulu ukatibu. Naswa akakataa. "Hapana. Utaandika. Na kuanzia leo utasoma kwa sauti kila kitu kabla ya kusaini, na sisi tutasikiliza."

Nimekasirika naye kwa kunikatalia. Nimekasirika pia kwa sababu ana haki.

Alhamisi, Mei 16

Nilikwenda kumwona Ooko, ameruhusiwa kutoka hospitali, yuko kwa binti yake huko Otonglo. Nilianza kusema yale ya baraza, akanizuia. "Nilisikia. Niambie, yule mwekundu mwenye pembe moja anakula?" Ndiye pekee aliyebaki. Nikasema anakula. "Basi," akasema, akageukia ukuta. Sijui kama ni msamaha. Sikuuliza.

Jumatatu, Mei 20

Wazee watatu wa ukoo na mhubiri wamekuja kuniambia nimsamehe Mzee Dalmas. Kwamba usiku hapati usingizi. Kwamba amekonda. Niliuliza kama wameshafika Korodi na maneno hayo. Wakasema bado, kwanza nyumbani. Nikawaambia waanzie Korodi. Mhubiri akasema moyo wangu umekuwa mgumu. Nikamwambia ni kweli, na nikawasindikiza hadi barabarani kama inavyotakiwa.

Jumatano, Mei 29

Maji yameshuka. Pap inanuka. Chini ya tope majani mapya yametokeza, mabichi mno, na hata hayo yananiudhi.

Jumamosi, Juni 8

Leo tumeweka mawe ya mpaka wa njia. Mawe ishirini na manne, kumi na mawili kila upande, kutoka Pap hadi kilima. Kila jiwe, mtu wa Kasaye na mtu wa Korodi wachimbe pamoja. Griffins alitia alama kwa chokaa. Naswa alikuwa na orodha, anapiga kelele kama kawaida yake, na leo kelele zile zilinifaa, kazi ilikwenda. Tumeandika pia kwenye mpango kwamba ardhi ya josho ilitolewa na baba yake Dalmas. Mimi ndiye niliyependekeza. Haki ni haki hata kwa baba yake. Naswa alisita, kisha akasema, "Andika."

Karibu saa sita Mzee Dalmas akatokea. Peke yake, jembe begani, suruali imekunjwa. Watu waliacha kufanya kazi. Hakumsalimu mtu, na hakuna aliyemsalimu. Alikwenda kwenye alama ya jiwe la tisa, pale pale kwenye josho, akaanza kuchimba.

Angechimba na nani? Orodha ya Naswa ilisema jiwe la tisa ni la Ooko, na Ooko hana mkono wa kushika jembe. Naswa aliangalia orodha, akaniangalia mimi. Nikaona hakuna mtu wa Korodi atakayekwenda kuchimba naye. Hata mimi nisingeenda. Akachimba peke yake. Jua lilikuwa kali, ana miaka sabini na mmoja. Jasho lilimdondoka kwenye udongo. Kila mtu alikuwa anaangalia upande mwingine.

Mke wa mdogo wake Dalmas alinisogelea, wa kwanza kati ya wake za mashemeji kunisemesha tangu Mei. "Perez, muone. Inatosha sasa."

Nilikwenda. Watu walidhani nakwenda kumpa mkono, nadhani na yeye alidhani hivyo, maana alisimama akafuta kiganja kwenye suruali. Nilichukua kijiti cha kupimia kina nikakitia kwenye shimo. Kilitakiwa kuzama hadi alama nyekundu. Hakikufika, kilipungua kiganja kizima.

"Halijafika," nikamwambia. "Ongeza."

Aliniangalia. Kisha akainama akaendelea kuchimba. Nilisimama pale pale juu yake mpaka kijiti kikafika kwenye alama nyekundu. Tukaliingiza jiwe, yeye upande huu, mimi upande ule, kwa sababu mtu mmoja hawezi kulibeba. Nilikanyagia udongo kwa gambuti langu mpaka likasimama bila kutikisika. Halafu nikafungua daftari la kamati nikaandika, nikamsomea kwa sauti, kama Naswa alivyoagiza:

"Jiwe la tisa. Limechimbwa na Dalmas Okello, Kasaye. Kina kimepimwa."

"Sawa," akasema.

Nikampa kalamu asaini.